Lugha za Kigeni Sekondari: Tusishike Fimbo ya Mbali

Ndugu wasomaji wa Visiwani, nanyi viongozi mliokabidhiwa dhamana ya elimu, leo tunawaomba mtusindikize mbali na bahari, hadi pembe ya magharibi ya Mkoa wa Kagera, katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Huko hakuna mnazi wala mkarafuu. Kuna vilima, migomba, kahawa na misitu ya miombo, na kuna barabara kuu ipitayo Nyakanazi na Lusahunga, ambayo mwisho wake hugawanyika. Tawi moja huteremka Rusumo kwenye daraja la kuingilia Rwanda. Jingine hupita Ngara hadi Kabanga, mlango wa Burundi.

Lililotupeleka huko ni swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na wazazi na vijana: kwa nini shule zetu za sekondari zisifundishe Kihispania na lugha nyingine za kigeni kwa nguvu, kama zinavyofundisha hesabu na sayansi? Ni swali la haki, nalo halistahili kujibiwa kwa dhihaka. Lakini tuliona kwamba haifai kulijibu tukiwa tumeketi barazani. Yafaa kwanza kuitazama sehemu ya nchi yetu ambapo lugha ya kigeni si pambo la cheti, bali ni chakula cha mchana.

Pale Kabanga tulimkuta kijana wa Ngara aliyemaliza Kidato cha Nne, anayejipatia riziki kwa kuwasaidia madereva katika shughuli za forodha. Lilifika lori kutoka Bujumbura. Kijana na dereva walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za nyumbani, wakataniana na kucheka kama watu waliolelewa kijiji kimoja. Hapakuwa na ajabu yoyote, kwani Kihangaza cha huyu na Kirundi cha yule ni maji ya kisima kimoja. Kisha dereva akatoa bahasha yenye karatasi za mzigo, zilizoandikwa kwa Kifaransa. Kijana alizigeuza mara mbili, tatu, akazirudisha. Kazi ile ilichukuliwa na kijana mwingine, wa ng'ambo, aliyesoma Kifaransa tangu shule ya msingi, na ujira ukavuka mpaka pamoja naye.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri kabla. Mpaka ule haukuweza kuyagawa maneno ya mdomoni. Uliyagawa maneno ya karatasini.

Wala haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilikuwa chini ya Wajerumani katika koloni moja. Hata neno shule tulilirithi kwao, na ndugu zetu wa Rwanda wakalifanya ishuri. Baada ya vita, wakubwa wa Ulaya walikaa wakagawana. Wabelgiji walichukua Rwanda na Burundi, Waingereza wakachukua Tanganyika. Bugufi, nchi iliyokuwa sehemu ya Burundi na ambayo leo imo katika Wilaya ya Ngara, ikabaki upande wa Waingereza. Basi mtoto wa upande huu akafundishwa kuandika kwa Kiingereza, na binamu yake wa upande wa pili akafundishwa kuandika kwa Kifaransa, ingawa bibi yao ni mmoja na aliwabembeleza kwa maneno yale yale. Wakoloni waliondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Karatasi zao bado zinatugawa.

Ngara imekwisha kuonja uzito wa jambo hili katika siku zilizo ngumu kuliko za biashara. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Wakati kama huo, kusikilizana si anasa. Mganga amuulize mgonjwa maumivu yako wapi, mgawaji wa chakula ajue mama huyu ana watoto wangapi, mtoto aliyepotea aeleze jina la baba yake. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara, nayo ikatangaza kwa lugha zaidi ya moja ili mkimbizi na mwenyeji wake wasikie habari ile ile. Hata jina lake linatoka katika lugha za majirani, na maana yake ni kuwa na imani.

Tangu hapo mambo yamebadilika na haja imeongezeka. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi kubwa inayotumia Kifaransa serikalini na Kiswahili katika eneo lake lote la mashariki, ilijiunga mwaka 2022. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikwisha kuridhia, mwaka 2021, kwamba Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza.

Wapo watakaotupinga hapa, nao wana hoja. Watasema: Rwanda yenyewe ilikiacha Kifaransa kama lugha ya kufundishia mwaka 2008 ikashika Kiingereza, na mwaka 2017 Bunge lake likakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Burundi nayo iliweka Kiingereza katika sheria yake ya lugha mwaka 2014. Ikiwa majirani wanatujia, sisi tuna haja gani ya kuwaendea?

Jawabu letu ni kwamba anayengoja kuendewa siku zote hubaki na bei ya yule anayemjia. Burundi na Kongo bado zinaandika mambo yao mengi kwa Kifaransa, na zitaendelea kufanya hivyo kwa miaka mingi. Tena, hata kama tunataka kukieneza Kiswahili, hatutakieneza kwa mwalimu asiyejua lugha ya mwanafunzi wake. Mwalimu wa Kiswahili aendaye Bujumbura au Kinshasa akiwa na Kifaransa ataeleza katika wiki moja jambo ambalo mwenzake asiye nacho atalihangaikia muhula mzima.

Sasa tuseme juu ya shule zenyewe. Kifaransa, Kiarabu na Kichina vimo katika orodha ya lugha za kigeni ambazo mwanafunzi wa sekondari katika nchi yetu anaweza kuzichagua. Kihispania hakijapata nafasi hiyo. Kwa hiyo mtu akiisoma orodha ataona kwamba kijana wa Ngara amekwisha kufunguliwa mlango. Lakini orodha ni karatasi, na somo ni mwalimu.

Tulifika katika shule moja, ambayo jina lake tunaliacha. Tuliambiwa kwamba Kifaransa kiliwahi kufundishwa hapo. Mwalimu alihamishwa, wa pili hakuletwa, vitabu vikafungiwa kabatini, na wanafunzi wakaelekezwa kwenye masomo mengine. Msichana mmoja, mwerevu, alitaka kutuonyesha kwamba hakusahau. Alituhesabia kwa Kifaransa tangu moja hadi kumi na moja, kisha akanyamaza. Tulipomuuliza kwa nini hakuendelea, alisema kwamba hapo ndipo mwalimu alipoondoka.

Tunaomba kila ofisa anayesoma safu hii aifikirie ile kumi na moja. Mtoto huyo hakushindwa. Aliachwa njiani, umbali mfupi kutoka mpaka wa nchi ambayo watu wake wanahesabu kwa lugha hiyo kila siku sokoni na bankini. Na kuachwa njiani kuna hasara kuliko kutoanza, kwa maana humfundisha kijana kwamba mambo ya Serikali huanza kwa shangwe na kufa kimya kimya.

Sisi tuliolelewa Visiwani tunayo mizani ya kulipimia jambo hili, nayo ni chuo cha Kurani. Tulipelekwa chuoni tukiwa wadogo, tukaanza na alifu na bee, tukapanda juzuu baada ya juzuu. Tukahitimu. Na bado, alipotokea mgeni kutoka Muscat akatuuliza kwa Kiarabu njia ya kwenda Forodhani, wengi wetu tulibaki kumkodolea macho, tukamwonyesha kwa kidole. Je, tuseme chuo kilitudanganya? La hasha. Chuo hakikutuahidi mazungumzo. Kilituahidi kisomo cha kusimamia sala zetu, na kisomo tulikipata, kikakaa, na tutakufa nacho. Kilifanikiwa kwa sababu tatu: kilijua kinaahidi nini, mwalimu wake alikuwapo kila siku asubuhi juu ya mkeka wake, mvua ikinyesha au isinyeshe, na mtoto aliyetoka hapo alikitumia alichojifunza siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua.

Kwa mizani hiyo tunasema kwamba kila lugha ya kigeni inayobisha hodi katika shule ya sekondari iulizwe maswali matatu. Inaahidi nini? Mwalimu wake ni nani, na atakaa? Mwanafunzi ataitumia wapi akitoka darasani?

Tukikiuliza Kifaransa pale Ngara na Biharamulo, majibu yako tayari. Ahadi yake ni kusoma na kuandika karatasi za jirani, kwa sababu mazungumzo ya kila siku vijana wa Ngara wanayo tayari kwa lugha zao za nyumbani na kwa Kiswahili. Mahali pa kuitumia pako Kabanga, na pako Nyakanazi katika Wilaya ya Biharamulo, ambapo barabara ya kwenda Kigoma na Kongo hukutana na ile ya kwenda Rwanda na Burundi. Linalokosa jibu ni swali la mwalimu peke yake.

Na Kihispania je? Hatutaki mtu adhani kwamba tunakidharau. Ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20, na mojawapo ya lugha sita za Umoja wa Mataifa. Hapa hapa Afrika, Guinea ya Ikweta inaitumia, na ndugu zetu wa Sahara Magharibi wanaijua. Tena ni lugha isiyomtisha Mswahili. Irabu zake ni tano kama zetu, na kwa sehemu kubwa husomwa kama ilivyoandikwa. Waarabu walikaa Hispania kuanzia mwaka 711, na utawala wao wa mwisho ukaanguka mwaka 1492. Kwa sababu hiyo Mhispania naye anakunywa chai yake na azúcar tunayoiita sukari, chungwa analiita naranja, jina lililo ndugu wa narinji yetu, na neno lake hasta linatokana na lile lile la Kiarabu lililotupa sisi hata. Meza kwake ni mesa na bendera ni bandera, kwa kuwa maneno hayo sisi tuliyapokea kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania.

Aidha, Visiwani Kihispania si mgeni kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kizanzibari walikwenda kupata mafunzo Cuba, wakarudi na maneno ya huko midomoni. Mwaka 1977 Fidel Castro alikuja Tanzania, na katika miaka hiyo Cuba ilitusaidia kujenga shule za sekondari, zikiwamo za Ruvu na Kibiti. Madaktari wa Cuba wametibu katika hospitali zetu, na tangu mwaka 2007 walimu wao waliwafundisha udaktari vijana wetu Zanzibar. Mwezi wa Novemba mwaka 2024, wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipofanya ziara Cuba, kongamano la Kiswahili lilifanyika mjini Havana. Tukitaka kupeleka walimu wa Kiswahili huko, bila shaka watahitaji Kihispania, kama vile wa Bujumbura wanavyohitaji Kifaransa.

Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana wa Lusahunga akifundishwa Kihispania leo, ataongea na nani kesho? Historia ya maziwa yetu inalo fundisho lake. Mwezi wa Aprili mwaka 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akaenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Yeye na wenzake walijipa majina ya namba za Kiswahili, naye akaitwa Tatu. Huyu alikuwa mtu aliyesikilizwa kote katika Amerika ya Kusini kwa Kihispania chake. Ng'ambo ya ziwa Kihispania hicho hakikumfaa kitu. Aliongea na viongozi kwa Kifaransa, na kwa kuwa wapiganaji wengi wa kawaida hawakujua Kifaransa, ilimbidi aanze kujifunza Kiswahili huko huko porini, akiwa mtu mzima na vita vikiendelea. Lugha iliyohitajika ilikuwa ya mahali alipo, wala si ya mahali alipotoka.

Kwa hiyo, bila kumfungia mlango mtu yeyote, tunatoa rai ifuatayo kwa viongozi wa elimu.

Kwanza, wilaya za mpakani zipewe kipaumbele katika kupangiwa walimu wa Kifaransa. Haina faida kumtawanya mwalimu mmoja hapa na mmoja pale nchi nzima, hata asiwe na mwenzake wa kushauriana naye. Ni afadhali shule chache za Ngara na Biharamulo zipate walimu wawili wawili, ili mmoja akihamishwa au akiugua, somo lisife.

Pili, tubadilishane na majirani. Burundi inao walimu wanaojua Kifaransa, nasi tunao wanaojua Kiswahili. Jumuiya ya Afrika Mashariki isiwe ya malori na ushuru tu. Mwalimu mmoja avuke Kabanga kuja huku, mwingine avuke kwenda kule, na kila upande utapata unachokihitaji bila kukiomba Ulaya.

Tatu, somo lifundishwe kwa kufuata haja. Mwanafunzi wa huko aanze na ankara, hati ya mzigo, cheti cha hospitali na barua ya ofisi, kabla ya kukaririshwa majina ya mitaa ya Paris. Na mwalimu asione aibu kutumia Kiswahili na lugha za nyumbani za watoto katika kueleza. Mtu hujenga ghorofa juu ya msingi uliopo.

Nne, Kihispania kianzie kule kinakoweza kusimama. Visiwani tunayo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tunao watalii wanaotoka nchi za Kihispania, na tunao madaktari waliosomeshwa na Wacuba. Waandaliwe walimu kwanza, kisha shule chache za sekondari zianze. Kibao cha somo kitundikwe siku mwalimu wa pili atakapokwisha kufika.

Tunajua kwamba kuna wazazi watakaosema tunawanyima watoto dunia. Hatuwanyimi. Mwalimu Nyerere alijifunza Kiingereza hadi akaweza kumleta Shakespeare nyumbani: mwaka 1963 alitupa Julius Caesar kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akatupa Mabepari wa Venisi. Huko ndiko kujua lugha ya kigeni, kwenda na kurudi na kitu mkononi. Mtoto atakayeijua vizuri lugha moja ya kigeni atajifunza ya pili kwa urahisi zaidi, kwa sababu amekwisha kujua njia. Anayegusa nne bila kumaliza hata moja hatarudi na kitu.

Tulipokuwa tukiondoka Kabanga, tulimkuta yule kijana bado yupo kando ya barabara, akingoja lori jingine. Alituomba jambo moja. Hakuomba fedha wala kazi. Aliuliza kama tunajua mahali anapoweza kupata kitabu cha Kifaransa kilichoelezwa kwa Kiswahili, ajifundishe mwenyewe jioni.

Kijana huyo amekwisha kuyajibu yale maswali matatu. Anajua anachokitaka, anajua atakitumia wapi, na kwa kukosa mwalimu yuko tayari kujifundisha mwenyewe. Na yule msichana bado anangoja mtu wa kumwambia inayofuata baada ya kumi na moja. Jibu lake halipaswi kuvuka mpaka kuja kumtafuta. Ni sisi tunaopaswa kumpelekea.